Unabii wa Siku za Mwisho: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayojirudia kila darasa la Biblia linapofika Danieli, Mathayo 24 au Ufunuo. Yanaanza na ya msingi na kuishia na yale ambayo watu huuliza pembeni, baada ya wengine kuondoka. Jibu moja likigusa lingine, tumeelekeza huko badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

1. Wakristo wanakubaliana nini kuhusu mwisho?

Wanakubaliana mengi kuliko mabishano yanavyoonyesha. Imani ya Nikea, iliyotungwa mwaka 325 na kupanuliwa mwaka 381, inakiri kwamba Kristo atakuja tena kwa utukufu kuwahukumu walio hai na wafu, na kwamba ufalme wake hauna mwisho. Wakatoliki, Waorthodoksi, Waanglikana, Walutheri na Wapentekoste wote wanasimama hapo: Yesu anarudi yeye mwenyewe, wafu wanafufuliwa, kuna hukumu, na Mungu anafanya mbingu mpya na nchi mpya.

Tofauti zinaanza kwenye ratiba: nini kinatangulia nini, na alama zipi zichukuliwe kama zilivyo na zipi kama mafumbo. Ukilishika hili tangu mwanzo, hutamwita mwenzako mpotevu kwa sababu tu mpangilio wake wa matukio si wako.

2. Je, tuko katika siku za mwisho?

Ndiyo, lakini si tangu juzi. Siku ya Pentekoste Petro alisimama akasema kwamba unabii wa Yoeli kuhusu "siku za mwisho" ulikuwa unatimia mbele ya macho yao (Matendo 2:16-17). Waraka kwa Waebrania unasema Mungu amesema nasi katika Mwana "mwisho wa siku hizi". Yohana naye aliandika, "Watoto, ni wakati wa mwisho" (1 Yohana 2:18).

Kwa hiyo, kwa lugha ya mitume, siku za mwisho ni kipindi chote kati ya kuja kwa Yesu mara ya kwanza na kuja kwake mara ya pili. Anayekuambia zimeanza mwaka huu kwa sababu ya habari aliyoisikia asubuhi amechelewa karibu miaka elfu mbili.

3. Unabii huu unapatikana wapi katika Biblia?

Mahali pakuu ni Danieli 2 na 7 hadi 12, Ezekieli 37 hadi 39, Zekaria 12 hadi 14, Mathayo 24 na 25 (pamoja na Marko 13 na Luka 21), 1 Wathesalonike 4 na 5, 2 Wathesalonike 2, 2 Petro 3, na Ufunuo wote.

4. Ufunuo unanitisha. Kwa nini uliandikwa?

Uliandikwa ili kuwatia nguvu watu waliokuwa wakitishwa. Yohana alikuwa kisiwani Patmo kwa ajili ya Neno la Mungu. Wengi wanakubali ushuhuda wa Irenayo, askofu wa karne ya 2, kwamba maono hayo yalionekana mwishoni mwa utawala wa Domitiani, Kaisari wa Roma, yaani karibu mwaka 95. Wengine wanayapeleka nyuma hadi siku za Nero, Kaisari aliyemtangulia. Kitabu kilitumwa kwa makanisa saba halisi: Efeso, Smirna, Pergamo, Thiatira, Sardi, Filadelfia na Laodikia. Watu wale walikuwa na majina, kazi na majirani waliowatazama vibaya kwa kukataa kumwabudu Kaisari.

Soma kwanza barua kwa Smirna (2:8-11). Ni mistari minne tu. Bwana anawaambia anajua dhiki yao na umaskini wao, baadhi watatupwa gerezani, kisha anasema: "Uwe mwaminifu hata kufa, nami nitakupa taji ya uzima." Hawakupewa tarehe wala njia ya kukwepa. Walipewa ahadi kutoka kwa yeye aliyekufa kisha akawa hai. Kisha rudi kwenye sura ya 1, mstari wa 3, uone kwamba kitabu kinaanza kwa heri: heri asomaye, na heri wanaosikia na kuyashika. Mafundisho ya Ufunuo yanayomwacha muumini na hofu tupu yamekosea shabaha ya kitabu chenyewe.

## Ishara na tarehe

5. Vita, njaa, matetemeko na magonjwa: je, huo si ushahidi kwamba mwisho umefika?

Yesu aliyataja hayo, na katika pumzi ileile akasema, "angalieni, msitishwe, maana hayo hayana budi kutukia, lakini ule mwisho bado" (Mathayo 24:6). Akayaita mwanzo wa utungu. Watu wengi hunukuu orodha na kuliacha neno "bado".

Historia inatufundisha unyenyekevu hapa. Papa Gregori Mkuu, karibu mwaka 600, alitazama tauni na uvamizi wa Italia akaamini mwisho uko karibu. Tauni Kuu ya miaka ya 1347 hadi 1351 iliua pengine theluthi ya watu wa Ulaya au zaidi, na wengi walidhani parapanda inalia. Tetemeko la Lisbon la mwaka 1755 lilihubiriwa vivyo hivyo. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wanaona utungu ambao kila kizazi huuona, na utungu huo unapaswa kutuamsha tuombe na tuwasaidie walioumia. Kazi ya ishara ni kutuweka macho. Haikukusudiwa kutupa hesabu.

6. Mathayo 24 inazungumzia Yerusalemu au mwisho wa dunia?

Yote mawili, na kuyachanganya ndiko kunakoleta fujo nyingi. Wanafunzi walikuwa wameonyesha majengo ya hekalu, Yesu akawajibu kwamba halitasalia jiwe juu ya jiwe. Mwaka 70 majeshi ya Roma chini ya Tito yaliubomoa mji na hekalu likateketea. Amri ya kukimbilia milimani, ole kwa wenye mimba, ombi kwamba kukimbia kusiwe wakati wa baridi wala siku ya sabato: yote yanawafaa sana watu wa Uyahudi wa karne ya kwanza. Mwanahistoria wa kanisa Eusebio, aliyeandika katika karne ya 4, anasimulia kwamba Wakristo wa Yerusalemu waliondoka mapema wakaenda Pela, ng'ambo ya Yordani.

Lakini sura haikomei hapo. Mwana wa Adamu anayekuja na mawingu, malaika wanaokusanya wateule, na hukumu ya mataifa yote katika sura ya 25 vinapita mwaka 70. Wapo wanaofundisha kwamba karibu sura yote ilikwisha timia wakati ule, na wapo wanaoiweka karibu yote mbele yetu. Kwa maoni yetu njia salama ni kusoma pamoja na Luka 21, ambako Yerusalemu kuzungukwa na majeshi kunatajwa waziwazi, na kuona anguko la mji kama hukumu halisi iliyotangulia na kuashiria ile kubwa.

7. Je, mtu anaweza kujua mwaka, hata kama hajui siku wala saa?

Hoja hii huja kila mara: "Yesu alikataza siku na saa, hakukataza mwaka." Jibu liko Matendo 1:7: "Si kazi yenu kujua nyakati wala majira." Mwaka nao uko ndani ya nyakati na majira.

Waliojaribu tunawajua. Huko Marekani William Miller alihesabu siku 2,300 za Danieli 8:14 kama miaka, akatarajia Kristo kati ya Machi 1843 na Machi 1844. Ilipopita, wafuasi wake wakashika tarehe 22 Oktoba 1844. Wengine waliacha mazao shambani bila kuvuna. Asubuhi ya tarehe 23 jua lilichomoza kama kawaida, na siku ile ikabaki na jina la Masikitiko Makuu. Mhubiri wa redio Harold Camping, naye wa Marekani, alitangaza 21 Mei 2011, kisha 21 Oktoba mwaka uleule. Mwaka uliofuata alikiri hadharani kwamba alikosea na kwamba kutangaza tarehe kulikuwa dhambi. Kukiri kule kulikuwa kwema, ila akiba walizotumia watu kwenye matangazo hazikurudi.

8. Vipi kuhusu taifa la Israeli mwaka 1948 na "kizazi hiki hakitapita"?

Hesabu inayotembea inatoka kwenye mfano wa mtini (Mathayo 24:32-34), nayo ni hii: mtini ni Israeli, ulichipua 1948, kizazi ni miaka 40, kwa hiyo mwisho ni 1988. Mwaka ule ulipita, na hesabu ikaanza kunyooshwa: miaka 70, miaka 80, na kuendelea. Luka 21:29 inaandika kwamba Yesu alisema tuutazame mtini "na miti mingine yote". Mfano wenyewe unahusu kutambua majira kwa majani. Hautoi msimbo wa taifa fulani.

Hilo halimaanishi Mungu amesahau ahadi zake kwa Israeli. Warumi 9 hadi 11 ni sura nzito, na Wakristo wanaozipenda wanatofautiana: wengine wanaona kurudi kwa Wayahudi katika nchi yao kama utimilifu wa Ezekieli 37, wengine wanaona ahadi hizo zimetimia katika Kristo na watu wake kutoka kila taifa. Mitazamo yote miwili inapaswa kukataa jambo moja: kutumia unabii kuhalalisha chuki kwa Myahudi au kwa Mpalestina.

## Unyakuo, dhiki kuu na miaka elfu

9. Unyakuo ni nini, na utakuwa kabla ya dhiki kuu?

Fungu lenyewe ni 1 Wathesalonike 4:13-18. Waumini wa Thesalonike walikuwa na majonzi kwa sababu wenzao walikufa kabla Bwana hajarudi, wakaogopa kwamba marehemu wamekosa fungu lao. Paulo anajibu kwamba waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza, kisha walio hai watanyakuliwa pamoja nao katika mawingu kumlaki Bwana hewani. Anamaliza: "Basi, farijianeni kwa maneno hayo." Ni fungu la msibani, na litumike hivyo.

Kuhusu wakati wake, kuna wanaosema kabla ya dhiki kuu (mateso makali yanayotajwa katika Mathayo 24:21), katikati yake, au mwishoni. Mafundisho ya unyakuo wa siri kabla ya dhiki, ukitenganishwa kwa miaka saba na kurudi kwa wazi, yalienezwa na John Nelson Darby kuanzia miaka ya 1830, kisha yakasambaa sana kupitia Biblia yenye maelezo ya C. I. Scofield iliyotoka mwaka 1909. Wanaoyashika hutegemea ahadi ya Ufunuo 3:10 na maneno ya Paulo kwamba Mungu hakutuweka kwa hasira yake.

Wanaosema unyakuo ni mwishoni hutazama kelele zilizomo ndani ya fungu: mwaliko, sauti ya malaika mkuu, parapanda. Hakuna siri hapo. Wanakumbusha pia kwamba katika Matendo 28:15 ndugu wa Roma walitoka kwenda kumlaki Paulo njiani kisha wakaingia naye mjini, na wanawali wa Mathayo 25 walitoka kumlaki bwana arusi ili waingie naye arusini. Hoja hii ya pili ndiyo inayotushawishi zaidi. Hata hivyo anayeamini ile ya kwanza ni ndugu yetu kamili, na wote wawili wanapaswa kuwa tayari kuteseka kwa ajili ya Kristo, maana wengi wa kanisa wamekwisha teseka.

10. "Mmoja atwaliwa, mmoja aachwa" (Mathayo 24:40) si unyakuo huo?

Huenda sivyo. Yesu anasema itakuwa kama siku za Nuhu, ambapo gharika ilikuja "ikawachukua wote". Waliochukuliwa walikuwa wanahukumiwa. Aliyebaki alikuwa Nuhu. Wengine wanasoma kinyume, wakiona kutwaliwa kama kuokolewa. Mafundisho makubwa yasitundikwe kwenye mstari huu peke yake.

11. Miaka elfu ya Ufunuo 20 ni halisi?

Hapa kanisa limegawanyika tangu zamani. Walimu wa kanisa wa karne ya 2, Papia, Yustino Mfiadini na Irenayo, walitarajia Kristo arudi kwanza kisha atawale duniani miaka elfu. Agustino, askofu wa Afrika Kaskazini, mwanzoni mwa karne ya 5, alifundisha kwamba miaka elfu ni kipindi hiki cha kanisa, Shetani akiwa amefungwa asizuie Injili kuyafikia mataifa. Mtazamo huo ndio uliotawala kwa karne nyingi. Wa tatu wanatarajia Injili ishinde duniani kwa muda mrefu kabla Kristo hajarudi.

Utawala huu wa miaka elfu unatajwa katika sura moja tu ya Biblia, ambamo maneno "miaka elfu" yanakuja mara sita. Ufufuo na hukumu vinatajwa kila mahali. Uzito wa mahubiri ufuate uwiano huo.

12. Majuma sabini ya Danieli 9 yanahesabiwaje?

Kila juma likihesabiwa kuwa miaka saba, majuma 70 ni miaka 490. Wengi huanza kuhesabu kwa amri ya Artashasta, mfalme wa Uajemi, ama ile ya mwaka 457 K.K. (Ezra 7) au ile ya 445/444 K.K. (Nehemia 2), na majuma 69 yanafika karibu na siku za Yesu. Tatizo ni juma la 70. Wengine wanalihamisha hadi mwisho wa dunia, ndiko inakotoka "miaka saba ya dhiki". Wengine wanaliunganisha na huduma na kifo cha Kristo. Wengine wanaona kwanza Antioko Epifane, mfalme wa Shamu aliyelinajisi hekalu mwaka 167 K.K. Ukisikia mtu anataja miaka saba kama jambo lisilo na mjadala, ujue msingi wake ni pengo lililowekwa kati ya juma la 69 na la 70, na andiko halilitaji pengo hilo waziwazi.

## Mpinga Kristo na hesabu ya mnyama

13. Mpinga Kristo ni nani?

Jina hilo linapatikana katika nyaraka za Yohana tu, na Yohana anasema wako wengi: ni kila amkanaye Baba na Mwana, na asiyekiri kwamba Yesu amekuja katika mwili. Paulo anamtaja "mtu yule wa kuasi" (2 Wathesalonike 2), na Ufunuo 13 inaonyesha mnyama atokaye baharini. Wakristo wengi wanaunganisha hao wote na kutarajia mtu mmoja wa mwisho. Ni usomaji mzuri, mradi usisahau wale "wengi" ambao tayari wamo.

Kumtaja kiongozi wa leo kwa jina ni mchezo wa hatari. Wanamatengenezo, yaani Waprotestanti wa kwanza wa karne ya 16, walimtaja Papa, wengine wakamtaja Napoleon, wengine Hitler.

14. 666, hesabu ya mnyama (Ufunuo 13:18), inamaanisha nini?

Zamani herufi zilitumika kama namba, kwa hiyo kila jina lilikuwa na jumla yake. Chukua "Neron Kesari" kwa herufi za Kiebrania: N ni 50, R ni 200, W ni 6, N ni 50, kisha K ni 100, S ni 60, R ni 200. Jumlisha: 666. Ukiiandika kwa namna ya Kilatini, bila N ya mwisho, unapunguza 50 na kupata 616. Na kweli baadhi ya nakala za kale za Ufunuo zina 616, jambo ambalo Irenayo alilijua na kulikataa katika karne ya 2. Hoja hii ina nguvu, ingawa Irenayo mwenyewe hakumtaja Nero. Alitaja majina mengine kisha akaonya watu wasiwe na haraka.

Kwa wasomaji wa kwanza, Nero alikuwa sura ya dola inayojiabudu na kuua watakatifu. Sura hiyo inaweza kurudi tena.

15. Je, chipu, kitambulisho, msimbo wa bidhaa au chanjo ni chapa ya mnyama?

Soma Ufunuo 13 mpaka 14 bila kusimama kwenye mgawanyo wa sura. Mara baada ya 666, anaonekana Mwana-Kondoo juu ya mlima Sayuni na watu walioandikwa jina la Baba yake katika vipaji vya nyuso zao. Alama mbili zinawekwa uso kwa uso: unamwabudu nani? Ufunuo 14:9 unafunga chapa na kumsujudia mnyama katika sentensi moja. Kifaa au dawa isiyodai ibada si chapa.

Tahadhari kuhusu mamlaka inayoweza kumzuia mtu kununua na kuuza ni ya busara, na Mkristo anaweza kuuliza maswali magumu kuhusu faragha. Lakini kumwambia mgonjwa kwamba dawa yake itampeleka jehanamu ni kumfunga mzigo ambao Mungu hakuuweka.

16. Naweza kupokea chapa bila kujua?

Hapana. Rejea jibu la 15: chapa inaambatana na ibada, na ibada si ajali. Wengi wanaouliza hili wanampenda Kristo na wanakosa usingizi. Kama ndiwe, soma Yohana 10:28-29 polepole.

17. Har-Magedoni na Gogu ni vita vya nchi zipi?

Har-Magedoni (Ufunuo 16:16) inaleta akilini Megido, ambako Debora na Baraka walishinda na mfalme Yosia akauawa mwaka 609 K.K. Gogu wa Ezekieli 38 anatoka pande za Mesheki na Tubali, zilizokuwa katika eneo la Uturuki ya leo. Kumfanya awe Urusi kwa sababu neno "Roshi" la sura hiyo linafanana na jina la Urusi ni msingi dhaifu. Ufunuo 20:8 unapanua jina hilo hadi mataifa ya pembe nne za dunia.

18. Watakaookolewa ni 144,000 tu?

Hapana. Katika Ufunuo 7 Yohana *anasikia* hesabu hiyo, kumi na mbili mara kumi na mbili mara elfu, kisha *anaona* mkutano mkubwa ambao hakuna awezaye kuuhesabu.

## Maswali yanayoulizwa pembeni

19. Nabii wetu ameonyeshwa tarehe. Nifanyeje?

Jibu la 7 linatosha kuhusu tarehe. Kuhusu nabii, Kumbukumbu la Torati 18:22 inasema neno lisipotimia, Bwana hakulinena, wala usimwogope. Mstari huo hautoi nafasi ya "tarehe imesogezwa".

20. Kama Yesu yuko karibu, kuna haja ya kusoma, kuoa au kujenga?

Thesalonike ileile iliyosubiri kwa hamu ilikuwa na watu walioacha kazi wakawa wanazurura. Paulo aliwaamuru wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe (2 Wathesalonike 3:10-12). Katika mfano wa talanta, Bwana anarudi na kumkuta mtumwa mwema akiwa kazini.

21. Kiongozi anatuambia tuuze mali, tukate ndugu, au tufunge mpaka tufe ili tumwone Yesu.

Ondoka leo, na uondoke na watoto. Mweleze mtu aliye nje ya kundi hilo, na kama maisha yako hatarini viarifu vyombo vya sheria. Mwezi Machi mwaka 2000, huko Kanungu, Uganda, mamia ya watu waliomfuata kiongozi aliyetangaza mwisho wa dunia walikufa. Wengi walikuwa wameshauza kila kitu. Hakuna mtume aliyewahi kuamuru kundi lake life ili kuharakisha siku ya Bwana. Kutii amri ya namna hiyo si imani, na kuikimbia si usaliti.

22. Mtoto wangu anaogopa kuamka na kukuta sote tumenyakuliwa.

Mwambie wazi kwamba Yesu hamwachi mtoto wake nyuma kwa bahati mbaya. Msomee Marko 10:13-16, ambako wanafunzi waliwakemea waliowaleta watoto na Yesu akachukizwa na wanafunzi. Picha za wanyama wa Ufunuo zisubiri; Ufunuo 21:1-5 hauhitaji kusubiri.

23. Mbona anachelewa hivi?

Swali hili limo ndani ya Biblia yenyewe. Petro anajibu kwamba Bwana hakawii, bali anavumilia, "maana hapendi mtu ye yote apotee" (2 Petro 3:9). Kila siku inayoongezeka ni nafasi ya mtu fulani kutubu. Lakini jibu hilo halifuti uchungu wa anayeuliza akiwa kitandani au kaburini kwa mwanawe. Chini ya madhabahu, katika Ufunuo 6:10, watakatifu wenyewe wanalia, "hata lini?", na hawakemewi. Wanapewa vazi jeupe na kuambiwa wastarehe bado muda mchache.

24. Nianze kusoma wapi?

Usianze na Ufunuo 13. Anza na 1 Wathesalonike, yote kwa mkao mmoja. Kisha Mathayo 24 na 25 pamoja na Luka 21, halafu Danieli 1 hadi 7, ukiona kwanza jinsi vijana wanne walivyoishi Babeli kabla ya kuhangaika na pembe za wanyama. Baada ya hapo soma Ufunuo kwa sauti, ikiwezekana na wenzako, kama ulivyosomwa mara ya kwanza. Kila unapokutana na alama, tafuta kwanza kama imeelezwa palepale (mfano 1:20 na 17:9-18), kisha katika Agano la Kale, na magazeti yawe ya mwisho kabisa.